Shajara ya waini Mtwara: kutoka juisi ya boksi mpaka mabibo

Naandika hii ili mtu wa Mtwara, Lindi au hata kule Masasi akitaka kujaribu asianzie sifuri. Maelekezo mengi ya waini ya nyumbani yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wanakwambia weka dumu kabatini kwenye nyuzi 20 alafu sahau, sasa huku kwetu kabati gani lina nyuzi 20. Lengo langu la mwisho ni mabibo, yale matunda ya mkorosho. Bibo moja lina uzito wa mara tano mpaka kumi ya korosho yake, sisi tunachukua korosho tunapeleka ghalani, bibo linabaki chini ya mti linaoza, na hilo linaniuma kila msimu. Juisi ya boksi ni ya kujifunzia tu, kwa sababu ipo mwaka mzima, sukari yake imeandikwa ubavuni, na imeshapashwa moto kiwandani kwaiyo hamna vijidudu vya kugombana na hamira.

Hii ni ya kunywa nyumbani. Ukitaka kuuza hapo unaingia kwenye mambo ya leseni na TBS (shirika la viwango), sio mada yangu. Na hapa hatutoneshi kitu, gongo ni kosa kisheria na imeshaharibu watu, sisi tunachachusha tu basi.

8 Juni 2025: vifaa

Ndoo ya lita 10 yenye mfuniko 6,000, madumu mawili mapya ya lita 5 yale ya maji ya kunywa 2,000, seti ya dripu famasi 1,500 (mpira wake ndo unatoa gesi nje bila kuingiza hewa ndani), Jik 2,500, kipimajoto 12,000, haidromita (kipimo kinachoelea kwenye juisi na kuonesha sukari iliyomo) 38,000 pamoja na kusafirishwa toka Dar. Jumla 62,000. Mtu atasema haidromita ni ghali, kweli ni ghali, ila bila hiyo unabahatisha tu, hujui sukari imebaki kiasi gani wala hujui kama chupa ukiifunga itapasuka. Kama hela inabana punguza kwingine kote, hapo usipunguze.

Kusafisha: Jik kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 5 za maji, loweka dakika 15, alafu suuza na maji yaliyochemka mpaka harufu ya klorini iishe kabisa kabisa. Ikibaki utaikuta kwenye waini.

10 Juni: madumu mawili, zabibu na embe

Dumu la kwanza juisi ya zabibu nyekundu, boksi 5 kwa 5,500 kila moja. La pili juisi ya embe, ya bei rahisi zaidi. Zabibu ilisoma 1.064 kwenye haidromita (maji matupu ni 1.000, na kila 0.001 ni pointi moja). Nikitaka kuifikisha 1.085 naongeza sukari, hesabu ni gramu 26 hivi kwa lita ili kupandisha pointi 10, kwaiyo gramu 275 kwa lita 5. Kumbuka haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20, juisi yako ikiwa nyuzi 30 ongeza 0.002 kwenye unachosoma.

Hamira nimetumia ya mandazi ya kawaida, nimeiamsha kwanza kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo mpaka ikatoa povu ndo nikamimina. Hamira ya mkate inafika asilimia 11 au 12 ya kilevi hivi alafu inachoka, ndo maana sijapandisha sukari zaidi ya hapo.

13 Juni: embe imekufa

Zabibu ilianza usiku uleule, asubuhi mpira unatoa mapovu kwenye chupa ya maji kama saa inavyogonga. Embe kimya. Siku ya pili kimya. Nimeongeza hamira mpya iliyoamshwa vizuri, ikatoa povu saa moja hivi alafu ikalala tena.

Nikachukua boksi tupu nikasoma yale maandishi madogo. Kuna E202 na E211, yani potasiamu sobeti na sodiamu benzoeti. Hizo ni dawa za kuhifadhi, zimewekwa humo kwa kazi hiyohiyo ya kuzuia hamira isizaliane. Unaweza kumwaga hamira nusu pakiti na bado itashindwa. Na tena ilikua "kinywaji cha embe", tunda lenyewe asilimia 30, kilichobaki ni maji na sukari, kwaiyo hata ingechachuka ingetoka waini nyepesi isiyo na ladha.

Kwaiyo ukiwa dukani geuza boksi kabla hujaangalia bei. Unatafuta iliyoandikwa asilimia 100 na isiyo na E202 wala E211. E300 isikutishe, ni vitamini C, na E330 ni asidi ya ndimu, hizo mbili hazina shida yoyote na hamira. Kwa maduka ya hapa Mtwara mjini nimekuta boksi nyingi za asilimia 100 ni zile zinazotoka Afrika Kusini, ni ghali ila zinafanya kazi. Embe nimemwaga, 13,000 imeenda.

14 Juni: povu limeziba mpira

Hii iandikwe vizuri maana inaweza kukuharibia chumba. Nilijaza dumu la zabibu mpaka shingoni. Povu likapanda, likaingia kwenye mpira wa dripu, likakauka humo humo, gesi ikakosa pa kutokea. Nilipoingia jioni dumu limevimba tumbo, kitako kimekua duara halisimami sawa. Nikalegeza mfuniko kidogo kidogo huku nimelifunika na taulo, likapiga mluzi, povu la zambarau likatambaa mpaka mkononi. Lingekua la kioo ningekua naandika habari nyingine.

Dawa yake: siku nne tano za mwanzo usichachushie kwenye dumu. Tumia ndoo ambayo imejaa theluthi mbili tu, ifunike na kitambaa safi kilichofungwa na mpira (kitambaa kizito, vile vijinzi vya matunda vikiingia vinaleta bakteria wa siki), alafu povu likishatulia ndo uhamishie kwenye dumu na kuweka mpira wa dripu.

Kingine, tundu la mfunikoni nilikua nimeziba na nta ya mshumaa. Nta inapasuka ukigusa mpira tu. Nimetoa nikaweka gundi ya silikoni ile ya mafundi vioo, imeshika mpaka leo.

25 Juni

Imeshuka 1.008. Hamna la ajabu, inaendelea taratibu, upepo wa kusi unavuma na usiku kuna kiubaridi kwaiyo chumba kiko nyuzi 24 au 25. Mwezi huu ndo mzuri kwa anayeanza huku Pwani ya kusini.

12 Julai: kuhamisha

0.998, na imekaa hapohapo siku tatu mfululizo. Kutoka 1.085 mpaka 0.998 ni kama asilimia 11. Nimevuta kwa mpira kwenda dumu lingine nikaacha mashapo chini. Shida ya hamira ya mandazi ndo hii hapa, mashapo yake hayashikani, ukitikisa dumu kidogo yote yanapanda juu. Nimelaza dumu kwenye friji siku kadhaa ndo yakaganda chini vizuri. Mama watoto hajafurahia friji yake kujaa dumu, tumekubaliana liwe la mwisho mpaka tupate sehemu nyingine.

17 Agosti: kuonja zabibu

Ni waini. Nyekundu, kavu, ina tindikali ya kutosha. Ila mwishoni kuna ladha ya mkate mbichi, hamira hiyo haijifichi. Chupa 6 za 750. Gharama za hilo dumu: juisi 27,500, sukari 900, hamira 500, jumla 28,900, yani kama 4,800 kwa chupa. Na hapo sijahesabu vifaa, kwaiyo wa kutafuta unafuu tu juisi ya boksi haitamlipa. Mimi nalipia somo.

Chupa moja niliweka kwenye chupa ya plastiki ya soda makusudi. Ukiibonyeza kwa kidole unajua kama kuna gesi inajijenga ndani. Ikiwa ngumu kama soda mpya, ujue zile za kioo nazo zinakaza, zifungue zote zitoe hewa. Hii yangu imebaki laini.

6 Septemba: jaribio la joto

Hili ndo naomba lisomwe kwa makini kuliko yote. Nimeagiza hamira ya waini, K1-V1116, pakiti ya gramu 5 kwa 15,000, nimechukua mbili. Nimeichagua kwa sababu inavumilia mpaka nyuzi 35 na kilevi mpaka asilimia 18, zipo zingine zinasifiwa sana ila ukizipita nyuzi 20 tu zinaharibu ladha.

Juisi ya tufaha asilimia 100, lita 4, sukari mpaka 1.080, nikaweka kikombe cha chai ya rangi iliyokolea kwa sababu tufaha la boksi halina ukakasi na waini bila ukakasi inapwaya mdomoni. Alafu nikaigawa madumu mawili sawasawa. Kila kitu kimoja, tofauti ni sehemu tu. Dumu A lipo juu ya meza. Dumu B lipo ndani ya karai lenye maji, limevikwa khanga kuukuu iliyochovya maji hayohayo, karibu na dirisha la upande wa kusi.

Mchana chumba kilifika nyuzi 30. Dumu A ndani lilisoma 33, maana hamira yenyewe inapofanya kazi inatoa joto lake. Dumu B lilikaa 26 na 27. Khanga inanyonya maji, upepo unayakausha, na kukauka huko ndo kunapoza.

20 Septemba

A limemaliza mapema, B bado linapumua. Nimeonja yote mawili kwa kijiko. A lina harufu kali ya kupanda puani, inachoma koo, jirani mmoja aliyeonja akasema "hii mbona kama spiriti". Sio kwamba lina kilevi zaidi, vipimo vinafanana, ni zile pombe nzito ambazo hamira inazitoa ikichemka na joto. B lina harufu ya tufaha. Juisi moja, hamira moja, siku moja. Yule aliyewahi kujaribu Lindi au Mtwara akapata kitu kinachochoma na kuumiza kichwa akakata tamaa, asilaumu juisi yake, aangalie joto kwanza.

12 Oktoba: mabibo yameanza

Nimeenda shamba la shemeji njia ya Naliendele. Kule Naliendele ndo kwenye kituo cha utafiti cha TARI kinachoshughulika na korosho, na wao wenyewe wanahimiza watu wasindike mabibo yawe juisi, jamu na waini, kwaiyo sijabuni kitu kipya.

Kanuni ya kuokota: lililoanguka leo asubuhi, limeshikana na korosho yake, halijapasuka. La jana liache, bibo halingoji, baada ya siku moja limeshaanza kuchacha lenyewe na nzi wamelitembelea. Nyonga korosho itoke bila kukwaruza ganda maana mafuta ya ganda yanababua ngozi. Na vaa nguo ambayo huipendi, doa la bibo halitoki.

Bibi mmoja jirani wa shamba, mtu wa Tandahimba, alitukuta tunaokota. Nikamwamkia "shikamoo bibi", akaitika marahaba, akauliza tunapika uraka (pombe ya kienyeji ya mabibo)? Nikamwambia nataka nikae nao miezi. Akasema, "Uraka haukai mjukuu wangu. Leo unakamua, kesho unakunywa, keshokutwa ni siki." Na kwa namna yao yuko sahihi kabisa, uraka hauna sukari ya kuongezwa wala hauzuiliwi hewa, kilevi chake kidogo hakiwezi kuulinda. Nilimuuliza ukakasi anautoaje, akasema hautoi, ndo uraka wenyewe huo.

Mabibo kilo 20, yamekamuliwa kwa mkono kwenye kitambaa, yametoa lita 12 hivi. Haidromita 1.045.

12 Oktoba jioni: ukakasi

Juisi ya bibo mbichi inakamata ulimi mpaka unashindwa kumeza vizuri. Ukiichachusha hivyohivyo ukakasi unabaki. Njia niliyotumia ni maji ya wali: chemsha kikombe cha mchele kwenye maji mengi mpaka uwe uji mwepesi kabisa, chuja, acha upoe, mimina kwenye juisi kama robo lita kwa kila lita mbili, koroga, acha. Ule wanga unashikana na ukakasi na kuzama nao. Mwanzo juisi ilikua ya njano yenye ukungu, baada ya nusu saa ukaona vipande kama mtindi uliokatika vinaelea, kisha vikaanza kushuka vyote chini, na juu ikabaki juisi safi, unaona mpaka upande wa pili wa glasi. Nimeonja tena, ulimi uko huru.

Lita nyingine mbili nilijaribu na wanga wa muhogo badala ya mchele. Umeshusha pia ila niliuweka mwingi, chini pakawa na uteute mzito na nikapoteza karibu nusu lita ya juisi humo. Unaweza kutumika, ila kidogo sana.

Juisi safi nimeipasha mpaka nyuzi 70 dakika chache bila kuichemsha (ikichemka inanuka kupikwa), nikaipoza kwenye karai, nikakamulia ndimu kwa sababu tindikali ya bibo ni ndogo na tindikali ndo inayozuia bakteria. Ule uji nao umeongeza maji kidogo, kwaiyo nimeongeza kilo moja na kidogo ya sukari kwa lita 10 huku napima mpaka 1.085. Hamira K1.

19 Oktoba: harufu ya mayai viza

Nilifungua kitambaa cha ndoo harufu ikanipokea mlangoni. Mayai viza. Nilidhani imeoza, nikakaribia kumwaga yote.

Sababu ziko mbili na zote zinaingia hapa. Ya kwanza, mikorosho inapuliziwa salfa wakati wa maua kuzuia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu). Ile unga ikibaki kwenye tunda na kuingia kwenye juisi, hamira inaigeuza kuwa gesi yenye harufu hiyo. Mabibo niliyasuuza mara moja tu harakaharaka. Ya pili, hamira ikikosa chakula cha naitrojeni inalalamika kwa harufu hiyohiyo, na nilikua nimempa sukari na maji ya ndimu tu.

Nilichofanya: nimechemsha kijiko cha hamira ya mandazi kwenye maji dakika kumi ili ife kabisa, nikaimimina humo kama chakula cha hamira hai. Alafu nikahamisha waini toka ndoo moja kwenda nyingine kwa kumwaga toka juu ili irukeruke na gesi itoke. Hii ya kumwaga kwa juu fanya wakati bado inachachuka tu, ikishamaliza hewa inakua adui. Siku ya pili harufu imepungua nusu, ya nne huisikii mpaka uinuse kwa karibu.

1 Novemba: mkupuo wa pili wa mabibo

Safari hii mabibo yameloweshwa na kusuguliwa kwenye maji matatu tofauti, na chakula cha hamira kimewekwa toka mwanzo. Harufu ya mayai haijatokea kabisa. Tatizo limekua joto, kusi imeisha, hewa ni nzito ya unyevu na khanga haikauki kwaiyo haipozi, dumu limefika 31. Nimehamia kwenye chupa za maji za lita moja na nusu zilizogandishwa, mbili ndani ya karai asubuhi na mbili jioni, zinazungushwa na za friza. Imeshuka 27. Umeme ulipokatika usiku mmoja barafu zote ziliyeyuka ila maji ya karai yalibaki ya baridi mpaka asubuhi, karai kubwa linasaidia hapo.

18 Januari 2026: mabibo chupani

Mkupuo wa kwanza, 0.997, chupa 11. Bodaboda na mizigo 8,000, sukari 3,000, mchele 500, ndimu 1,000, hamira 15,000, jumla 27,500, yani 2,500 kwa chupa. Nusu ya zabibu ya boksi. Na zaidi ya nusu ya hiyo gharama ni hamira, ambayo pakiti moja inatosha mpaka lita 23, kwaiyo ukifanya ndoo kubwa bei inashuka tena.

Rangi ni ya dhahabu iliyopauka. Harufu ni bibo kabisa, ile harufu ya shamba la mikorosho mwezi wa kumi, na mdomoni ni kavu na ukakasi umebaki kidogo wa kupendeza. Mkupuo wa pili ni safi zaidi puani ila bado una ukungu, nimeuacha kwenye dumu utulie. Chupa tatu nimempelekea bibi kule shambani aonje na anipe maoni yake, mbili zinakaa mpaka Juni, na kwa msimu ujao natafuta mtu wa Newala aliye tayari kuchachusha juisi ileile siku ileile kule juu kwenye ubaridi, tulinganishe na hii ya Pwani.